Unga wa mmea "unaozuia RNA ya saratani": mama aache kemo?

"Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Aligundulika na saratani ya titi mwaka huu, akafanyiwa upasuaji, sasa yupo kwenye kemo Dar, tunaenda na treni na kurudi. Zile nne za dawa nyekundu amemaliza, nywele zimeisha, kucha zimekuwa nyeusi, chakula hakishuki. Jumanne ijayo anatakiwa aanze dawa ya aina ya pili wanaiita paklitakseli. Sasa kaka yangu kaleta unga kwenye kopo, kaambiwa ni majani ya ginko yamechanganywa na mbegu na maganda ya zabibu, na kuna klipu inazunguka WhatsApp inasema wanasayansi wamegundua mimea inayozuia RNA ya saratani isikatwe na kuunganishwa, seli inakufa yenyewe bila kemo. Kopo la mwezi mmoja laki na themanini. Mama ameshakunywa siku kumi na moja kwenye uji na anasema anajisikia ana nguvu. Kaka anataka kemo iachwe kabisa, mi naogopa. Hiyo habari ya RNA ni kweli au uongo? Na kama ni kweli mbona hospitali hawatupi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama. Kwanza nikusahihishe kidogo, mi si daktari, ni mfamasia, miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchanganya hizo hizo drip za kemo, na kabla ya hapo nilisomea biolojia ya molekuli, kwa hiyo hili swali lako limenigusa kotekote. Nakujibu kwa urefu kwa sababu najua kaka yako nae atasoma, na yeye nataka asome mpaka mwisho.

Jibu la haraka kwa sababu Jumanne iko karibu: mama aendelee na kemo, unga usimame leo hii, na daktari wake aambiwe kabla ya hiyo drip kwamba mama amekunywa huo unga siku kumi na moja. Usione aibu kumwambia, wamezoea, wagonjwa wengi wanakunywa kitu nyumbani na wengi wanaficha, na kinachotuumiza sisi ni kufichwa zaidi hata ya hicho kitu chenyewe.

Sasa tuje kwenye swali. Unauliza habari ya RNA ni kweli au uongo. Ni kweli. Ndo ubaya wa hizi klipu, zingekuwa uongo mtupu zisingeniumiza kichwa, ila zinachukua sayansi ya kweli kabisa iliyofika mahali fulani, halafu zinaruka kutoka pale mpaka kwenye kopo la laki na themanini, na katikati hapo pana korongo ambalo hakuna aliyekuonyesha. Ngoja nikuonyeshe.

Umewahi kukaa na jamaa anayeediti video za sendofu? Kamera inawashwa saa nane mchana mpaka usiku wa manane, masaa kumi ya video, na humo kuna kila kitu, MC anabishana na DJ, mjomba kasinzia mdomo wazi, mtoto anakojoa nyuma ya jukwaa, kamera imesahaulika inapiga picha ya sakafu dakika ishirini. Yule jamaa anakaa na kompyuta yake anakata yasiyotakiwa, anaunganisha yanayotakiwa, unapewa kitu cha saa moja na nusu. Seli zako zinafanya hivyo hivyo. DNA yako ina jeni kama elfu ishirini zinazotoa protini, jeni ikitaka kufanya kazi inanakiliwa kuwa RNA, ila ile nakala ya kwanza ni video ghafi, imejaa vipande visivyo na maelezo ya protini, vinaitwa introni, katikati ya vipande vyenye maelezo, vinaitwa eksoni. Lazima introni zikatwe zitupwe na eksoni ziunganishwe, ndipo seli iweze kusoma. Huko kukata na kuunganisha ndo kunaitwa splaisingi. Iligundulika mwaka 1977 na vikundi viwili tofauti, kimoja cha Phillip Sharp na kingine cha Richard Roberts, wakapewa Nobeli mwaka 1993.

Jamaa wa kuediti ndani ya seli sio mtu mmoja, ni mtambo mkubwa unaitwa splaisosomu, una RNA ndogo tano na protini zaidi ya mia moja, unajikusanya pale pale penye kazi kisha unaachana.

Na hapa ndo patamu. Kutoka video ile ile ghafi unaweza kutoa matoleo tofauti, la ukweni na la nyumbani, ukibadilisha tu vipande. Jeni zetu nyingi sana zinafanya hivyo. Kuna jeni moja nakupa mfano kwa sababu inahusu saratani moja kwa moja, protini yake inaitwa BCL-X. Ikikatwa hivi inatoa protini ndefu inayoiambia seli ishi, usife. Ikikatwa vingine kidogo tu inatoa protini fupi inayosukuma seli ijiue. Jeni ni moja, mkato ndo unaamua. Saratani nyingi zinaegemea lile toleo refu, kwa hiyo unaona mwenyewe kwa nini mtafiti akili inamruka, anasema je nikimshika mkono huyu mwediti nikamlazimisha atoe lile toleo fupi, si seli ya saratani itajiua yenyewe? Wazo zuri kabisa, hata mi ningekuwa kijana maabara ningelifuata.

Kuna sababu ya pili. Kuna saratani ambazo mwediti mwenyewe ameharibika. Protini moja ya mtambo ule inaitwa SF3B1, na hitilafu kwenye jeni yake inaonekana sana kwa wagonjwa wa ugonjwa wa uboho unaofupishwa MDS, pia kwenye aina mojawapo ya saratani ya damu na ile ya ndani ya jicho. Seli ya namna hiyo inaishi kwa kuchechemea, ukiusukuma mtambo kidogo zaidi inaanguka, wakati seli yenye afya inavumilia. Kwenye saratani ya titi hiyo hitilafu ipo kwa wachache, kama wawili katika kila wagonjwa mia. Ila baadhi ya saratani za titi zinaendeshwa na jeni inaitwa MYC, hiyo inaifanya seli itoe RNA nyingi kupita kiasi mpaka mwediti kazi inamzidi, na mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba seli za namna hiyo zinautegemea mtambo wa splaisingi kuliko seli za kawaida. Kwa hiyo hata kwa titi wazo lina mashiko, sikatai.

Sasa mimea inaingia wapi? Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba kemikali inayopatikana kwenye majani ya ginko, mti wa asili ya China, inaitwa isoginkigetini, inazuia splaisingi. Mtambo unaanza kujikusanya halafu unakwama njiani, haumalizi. Kwenye sahani za maabara, na seli za binadamu. Hiyo ndo mbegu ya klipu ya kaka yako. Baada ya hapo kuna kwersetini, ipo mpaka kwenye vitunguu unavyokaangia mboga, imeonyeshwa inashikana na protini mojawapo inayoelekeza mkato. Kuna resveratroli ya kwenye ganda la zabibu, inabadilisha viwango vya protini zinazosimamia splaisingi. Kuna hata dawa ya moyo digoksini, nayo ya mmea, ikiwekwa kwenye seli mkato unabadilika. Orodha ni ndefu na inazidi kurefuka.

Ila nikuambie kitu ambacho klipu haikusema. Dawa za splaisingi zilizofika mbali zaidi kwenye saratani hazikutokana na mimea, zimetokana na bakteria wa udongoni. Kuna bakteria wa jamii ya Streptomyces anayetoa kitu kinaitwa pladienolaidi, kinakwenda kukaa pale pale kwenye ile SF3B1. Wakakitengeneza kikawa dawa ya drip iliyopewa namba E7107, ikapewa wagonjwa wa saratani mbalimbali waliokubali kujaribiwa. Unajua iliishia wapi? Wagonjwa wachache walianza kupoteza uwezo wa kuona, mshipa wa fahamu wa jicho uliathirika, jaribio likasimamishwa. Baadae wakatengeneza ndugu yake wa kidonge, H3B-8800, wakawapa wagonjwa wa MDS na saratani za damu, hao macho hayakuwa tatizo kubwa namna ile, baadhi walipunguza kuongezewa damu, lakini hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa uliondoka kwa kiwango kinachohesabika kuwa dawa imeutibu.

Nimekusimulia hayo sio kukukatisha tamaa, nataka uone tatizo liko wapi. Kila seli ya mama yako inaediti, ya moyo, ya ini, ya jicho, ya uboho. Dawa inayomshika mwediti mkono inamshika kila nyumba. Kwa hiyo mtu akikuambia ana unga unaozuia splaisingi kweli kweli, tena hauna madhara yoyote kwa sababu ni wa asili, hayo mawili hayakai pamoja. Kama unazuia kiasi cha kuua saratani basi ulitakiwa umtie wasiwasi, na kama hauna madhara kabisa basi huenda hauzuii chochote.

Na inawezekana kabisa haufanyi chochote, tupige hesabu, chukua kalamu. Ile isoginkigetini kwenye sahani ilihitajika kama mikromola 30, yaani kwa lugha ya jikoni miligramu 17 hivi katika kila lita. Mama mwenye kilo sitini ana maji ya mwili kama lita 30 kuelekea 35, ukitaka yote yafike hapo unahitaji zaidi ya nusu gramu ya isoginkigetini safi, iingie yote kwenye damu bila kupotea, tena ibaki humo wakati ini linaitoa kila dakika. Watu wanaotumia ginko duniani wanameza dondoo miligramu 120 mpaka 240 kwa siku, na humo isoginkigetini ni chembechembe tu, nyingine yote ni vitu vingine. Kijiko cha unga kwenye uji hakifiki. Halafu yenyewe isoginkigetini haigusi splaisingi peke yake, imekuja kuonekana inagusa na mitambo mingine ya seli, kwa hiyo hata mtafiti akiona seli imekufa bado anajiuliza imeuawa na nini.

Zabibu ndo kabisa, na hapa naongea kama mtu wa Dodoma, zabibu naijua, nimekua naila Hombolo na Makutupora kabla hata sijajua resveratroli ni nini. Watu waliopewa resveratroli miligramu 25 kwa mdomo, damu yao ilipopimwa ile ambayo haijabadilishwa ilikuwa chini ya nanogramu kumi kwa mililita, kwa sababu utumbo na ini vinaibadilisha haraka mno. Maabara wao wanamwagia seli mikromola 5 mpaka 50. Hapo tofauti ni zaidi ya mara mia moja. Yaani kilichofanyika kwenye sahani hakijawahi kufanyika ndani ya mtu anayekula zabibu, hata ale tenga zima.

Umeuliza mbona hospitali hawatupi kama ni kweli. Swali zuri na kaka yako bila shaka ana jibu lake kwamba makampuni yanaficha dawa za asili ili yauze kemo. Sasa nikuambie hiyo paklitakseli ya Jumanne imetoka wapi. Imetoka kwenye gome la mti. Mwaka 1962 huko Marekani walikwangua gome la mti unaitwa Taxus brevifolia, unaota misitu ya upande wa bahari ya Pasifiki, wakakuta dondoo lake linaua seli za saratani. Monroe Wall na mwenzake Mansukh Wani wakahangaika kulitenganisha mpaka wakaipata kemikali yenyewe, umbo lake wakalichapisha mwaka 1971. Ikaruhusiwa kutumika kwa saratani ya mfuko wa mayai mwaka 1992, ya titi mwaka 1994. Miaka thelathini! Na shida ikawa gome ni kidogo, kumtibu mgonjwa mmoja ulihitaji miti kadhaa iliyozeeka, mti ukivuliwa gome unakufa, mpaka wakajifunza kuitengeneza kutokana na majani ya miti ya jamii ile.

Kwa hiyo mwambie kaka, mama anakwenda kupewa dawa ya mti. Ila ya mti iliyopimwa, inajulikana ni miligramu ngapi kwa ukubwa wa mwili wake, inajulikana itamfanya nini siku ya tatu na siku ya kumi. Tena na yale maua ya rangi ya pinki tunayopanda uani na makaburini, yale madogo yasiyoogopa jua, asili yake Madagaska, ndani yake ndo ilitoka vinkristini ambayo watoto wenye saratani ya damu wanapewa mpaka leo. Kinachotakiwa kwenye hospitali za saratani ni dozi na ushahidi, mmea wenyewe hakuna anayeuchukia. Na usije ukachemsha hayo maua tafadhali, nimesema hivi halafu kesho nasikia mtu kachemsha, ni sumu.

Splaisingi yenyewe imeshatoa dawa za kweli, ila kwa ugonjwa mwingine. Kuna watoto wanazaliwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli unaofupishwa SMA, kwao ilipatikana dawa ya sindano ya uti wa mgongo mwaka 2016, nusineseni, na ya kunywa mwaka 2020, risdiplamu, zote zinafanya kazi kwa kumwelekeza mwediti asiruke kipande kimoja cha jeni moja. Kwa hiyo siku moja na kwenye saratani inawezekana, naamini hivyo. Ila mama hatibiwi na siku moja, anatibiwa Jumanne.

Sasa hizo nguvu anazozisikia. Simwambii mama kwamba anajidanganya, anazisikia kweli. Lakini hesabu siku. Drip nyekundu ya mwisho alipewa lini? Kama ratiba yake ni ya kila siku ishirini na moja kama kawaida, basi huo unga ameuanza siku ya kumi hivi au kabla yake kidogo, na siku hizo zinazofuata ndo mwili unaanza kuinuka wenyewe, chembe za damu zinarudi, kichefuchefu kimeisha, ulimi unaanza kupata ladha. Hata angekunywa uji mtupu angeinuka. Mzunguko uliopita bila unga hakuinuka wiki ya tatu? Muulize. Kuna jambo jingine sipendi kulisema ila lazima, unga wa "asili" umewahi kukutwa sehemu mbalimbali duniani umechanganywa na steroidi za hospitali, na steroidi inampa mtu nguvu na hamu ya kula ndani ya siku mbili, akiiacha ghafla anaanguka. Sisemi huo una hiyo, ila kama kopo halina namba ya usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wala ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, hatujui lina nini, na ndo maana nataka daktari aambiwe, sio kopo lifichwe kabatini.

Mtu atasema basi kama haufanyi kitu si anywe tu pamoja na kemo, utamdhuru nini. Hapa nakuwa mkali kidogo. Ginko inahofiwa kwamba inaweza kulegeza kuganda kwa damu, na kemo inashusha zile chembe za kugandisha damu, viwili hivyo vikikutana fizi inaweza kuvuja, pua inaweza kuvuja, au kwingine kubaya zaidi usikokuona. Paklitakseli inasafishwa na ini kupitia vimeng'enya vile vile ambavyo mimea mingi inavigusa, mwingine unaviziba dawa inajaa mwilini, mwingine unaviamsha dawa inaisha kabla haijafanya kazi, na hutajua ni kipi mpaka imeshatokea. Halafu kuna hili la ukungu. Wewe ni wa Dodoma, unakumbuka mwaka 2016 watu wa huku kwetu na Manyara walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumukuvu ni ya asili asilimia mia, inatoka kwa kuvu, hakuna kiwanda. Majani na mbegu zilizoanikwa chini zikasagwa mashine ya uchochoroni zikafungwa kwenye kopo la plastiki zikiwa na unyevu, hiyo ni nyumba ya kuvu na bakteria, na mama yako hivi sasa kinga yake ni ya kuhesabu kwa vidole. Mtu mwenye afya atakunywa aharishe kidogo apone, yeye anaweza kulazwa.

Kuhusu kuacha kemo kabisa, niwe mkweli pande zote. Kemo sio uhakika. Kuna wanaomaliza zote na ugonjwa ukarudi, na kuna madhara ya kweli, paklitakseli itaweza kumletea ganzi ya vidole, miguu kama anakanyaga pamba, viungo kuuma siku mbili tatu baada ya drip. Lakini uchambuzi mkubwa uliojumlisha wanawake wengi sana kwenye majaribio ya miaka mingi ulionyesha kwamba kemo za mpangilio kama huu, nyekundu kisha za jamii ya paklitakseli, zinapunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na kutopewa kemo. Theluthi moja, kwa wanadamu halisi, waliofuatiliwa miaka. Upande wa pili wa mizani una sahani za maabara. Mi ndo navyoviona hivyo, na ningekuwa na mama kwenye hali hiyo ningempandisha treni.

Na kama tatizo ni kwamba mama amechoka, hilo ni jambo tofauti na linazungumzika. Paklitakseli inaweza kutolewa kidogo kidogo kila wiki badala ya nyingi kwa wiki tatu, dozi inaweza kupunguzwa, ganzi ikizidi wanaweza kusimama. Kichefuchefu kina dawa nzuri kuliko aliyopewa mwanzo. Hata akiamua mwenyewe kwamba basi, ni haki yake, ila aamue akiwa ameambiwa na daktari anayejua ripoti yake, sio kwa klipu. Wengi huwa wanaona paklitakseli ni nafuu kuliko ile nyekundu upande wa kutapika. Kabla ya drip watampa dawa za kuzuia mzio, deksamethasoni na nyinginezo, asizikatae, na akisikia kifua kinabana au mwili unawasha wakati inaingia aseme hapo hapo, asivumilie kwa heshima. Mama zetu wanavumilia sana.

Ukifika muombe daktari akuonyeshe kwenye ripoti ya patholojia kama uvimbe ulikuwa na vipokezi vya homoni, na HER2, protini inayosukuma uvimbe ukue. Wengi wanamaliza kemo hawajui hili. Kama uvimbe una hivyo vipokezi vya homoni kuna vidonge vya miaka mitano au zaidi baada ya kemo, vinamlinda sana na ni rahisi, hivyo ndo ningependa pesa ya kopo iende huko. Na pesa ikiwa ngumu muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, wapo kwa kazi hiyo ya msamaha, usisubiri mpaka mmeuza kiwanja.

Kaka yako usimgombeze. Nina shangazi yangu, wa upande wa Kondoa, alipata kivimbe kama punje ya karanga akampata mtu wa dawa, simtaji, akamwambia kisu kinatawanya ugonjwa. Waliompeleka kwa huyo mtu ni watoto wake, waliompenda kuliko sisi wote tuliokuwa tunaongea kwenye simu. Miezi minane akinywa na kupaka. Nilipomuona mwenyewe, titi lilikuwa limefunguka na kitambaa kimeganda pale, ananiambia dawa ndo inatoa uchafu. Sikuwa na la kusema, nilimbadilishia kitambaa. Kwa hiyo kaka anatafuta kufanya kitu, mpe kitu cha kufanya. Ampeleke mama Jumanne yeye, akae na daktari, aulize hilo swali la RNA mbele yake. Na kama kweli anavutiwa na mimea, Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili ya chuo, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana watafiti wa dawa za asili, huko wanapima mimea yetu kwa utaratibu. Utafiti halali wa dawa mpya kwa wagonjwa una kibali cha NIMR na TMDA, unasainishwa fomu ya ridhaa, unaweza kujitoa siku yoyote, na hawakuuzii kopo.

Mkiwa Dodoma katikati ya drip, hasa siku ya saba mpaka ya kumi na nne, nunua kipimajoto. Joto likifika 38, au anatetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakisemi kitu, au fizi na pua vinavuja damu, au kaharisha siku nzima, usimpe panado ukasubiri asubuhi. Nenda Benjamin Mkapa au hospitali ya mkoa, usiku ule ule, na neno la kwanza mlangoni liwe "yupo kwenye kemo", wapime FBP, yaani kipimo cha damu kamili, haraka. Beba na kadi yake ya kemo, isikae kwenye begi la Dar. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa kama chai ya rangi nenda pia, hilo ni ini, na baada ya siku kumi na moja za unga nataka hata Jumanne wapime ini na chembe za kugandisha damu kabla hawajatundika drip. Wakisema wasogeze wiki moja kwa sababu ya majibu, kubalini, wiki moja haiharibu.

Zabibu za kula anaweza, zioshwe kwa maji yaliyochemshwa, punje moja moja, sio kichane kizima kuchovywa. Balungi na juisi yake aache mpaka amalize kemo. Kopo usilitupe, libebe kama lilivyo na lebo yake, daktari atataka kuliona.